MWAKILISHI AKIJA, MWAMBIENI ALETE DAFTARI

(Mazungumzo ya diwani wa zamani wa upinzani mbele ya wananchi. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuwapo.)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya mwakilishi na taarifa anayopaswa kuwapa watu waliomtuma. Wako watakaosema, hili nalo ni la kuitishia kikao? Mwakilishi si tunamjua? Anakuja na msafara, anapokewa kwa ngoma, anapanda jukwaani anasema nimeleta maji, nimeleta zahanati, nimeleta barabara. Vijana wanapewa mipira miwili na jezi, akina mama wanapewa khanga, wapambe wanapiga vigelegele, msafara unaondoka. Vumbi likitulia kila mtu anarudi nyumbani akimwuliza jirani yake, hivi mheshimiwa amesema nini?

Hiyo ndiyo taarifa tuliyozoeshwa. Mimi nasema ile si taarifa, ile ni ngonjera. Taarifa ni hesabu. Kiliombwa kiasi gani, kikapitishwa kiasi gani, kikafika kiasi gani, kimefanya kazi gani, na kilichobaki kiko wapi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na mali ya walalahoi ndiyo inayoisha upesi zaidi, maana mwenyewe anaona haya kuuliza.

Kwa nini nasema jambo hili ni zito? Kwa sababu mazungumzo kati ya mwakilishi na watu wake katika nchi hii yalikatwa kwa makusudi, na yalikatwa kwa miaka. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja kama ilivyozoeleka. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Katikati ya mwaka huo huo mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ikapigwa marufuku. Mbunge aliambiwa azungumze jimboni kwake tu, na hata huko wengi wa upinzani walikumbana na barua za polisi za kuzuia. Marufuku ile ilidumu hadi Januari 3, 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuiondoa. Hesabu mwenyewe, ni miaka sita na nusu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza wakati inaanza alikuwa amekwisha kumaliza la saba au yu karibu.

Katikati ya miaka hiyo yakaja matokeo ya uchaguzi wa 2020. Viti vya majimbo vilikuwa 264. Upinzani wote kwa pamoja ulitangaziwa viti 8. ACT-Wazalendo vinne, CUF vitatu, CHADEMA kimoja. Kwenye serikali za mitaa hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwaka 2019, baada ya wagombea wa upinzani kuenguliwa kwa maelfu na vyama kujitoa, chama tawala kilichukua zaidi ya asilimia 99 ya viti, na mwaka 2024 kikachukua zaidi ya asilimia 98. Na uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika chama kikuu cha upinzani kikiwa nje, na damu ya Watanzania ikamwagika.

Sikuja hapa kuwalilia juu ya viti. Nayataja haya ili mjue kwamba kwa muda mrefu vikao vingi vimekaa bila mtu wa kusema hapana. Palipo na upinzani kazi ya kuuliza ilikuwa ya diwani au mbunge wa upinzani. Mahali asipokuwapo, kazi hiyo haijafutwa. Imehamia kwako. Ndiyo maana nataka nikukabidhi vitendea kazi.

HAJALETA KITU

Tuanze na neno hili "nimeleta". Ibara ya 63 ya Katiba inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi. Kusimamia na kushauri. Halikutajwa neno kuleta. Diwani naye, ndani ya baraza lake, anapitisha bajeti ya halmashauri, anatunga sheria ndogo, anasimamia watendaji. Hana lori la mchanga, hana mfuko wa saruji.

Sasa anaposema "nimeleta zahanati" maana yake nini? Maana yake kodi yako ilikwenda ikazunguka ikarudi, na yeye akasimama mlangoni kuipokea kama mwenye mali. Ni sawa na mtu uliyemtuma sokoni kwa fedha zako, akarudi na kikapu akataka apigiwe magoti. Umshukuru kwa kwenda, ni adabu. Lakini kabla ya shukrani, chenji iko wapi?

Tabia hii ina historia yake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikahalalisha takrima, eti ukarimu wa Kiafrika wa mgombea kwa wapiga kura. Ilibidi watetezi wa haki za binadamu waende Mahakama Kuu, na mwaka 2006 Mahakama ikasema kifungu kile ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa kinampa mwenye fedha nafasi ambayo maskini hana. Takrima ikafa kwenye vitabu vya sheria. Kwenye vichwa vyetu haijafa. Bado tunampima mwakilishi kwa mchango aliotoa msibani na kwa idadi ya mabati aliyotoa mfukoni. Na mtu anayetoa mfukoni kila wiki, ndugu yangu, jiulize anarudishaje.

NANI AMESHIKA NINI

Nilipokuwa kwenye baraza la madiwani, malalamiko niliyopokea kuliko yote yalikuwa ya barabara na maji. Watu walikuja nyumbani alfajiri. Diwani, karavati limevunjika. Diwani, bomba halitoi. Walikuwa na haki ya kuja. Lakini wengi hawakujua kwamba mambo hayo mawili yalikuwa yanaondolewa mikononi mwa baraza moja baada ya jingine, na hakuna aliyewaambia.

Sikilizeni mtiririko. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo uliondolewa halmashauri ukapelekwa TRA. Julai 2017 barabara za vijijini na mijini zikaondolewa halmashauri zikapelekwa TARURA. Mwaka 2019 sheria mpya ya maji ikaanzisha RUWASA, na maji ya vijijini yakaenda huko. Kwa muda wa miaka mitatu hivi, halmashauri ikapoteza chanzo kikubwa cha mapato, ikapoteza barabara, ikapoteza maji. Ikabaki na zahanati, shule, masoko, taka, ushuru, na lawama zote.

Wataalamu watatuambia kwamba wakala wa kitaifa ana wahandisi bora na mitambo bora. Inawezekana, na mimi sikatai kwamba zipo barabara zilizopona baada ya TARURA kuingia. Swali langu si la uhandisi. Swali ni la uwajibikaji. Mhandisi wa halmashauri aliletwa mbele ya madiwani, akabanwa, akajibu. Meneja wa wakala anawajibika kwa mtendaji mkuu wake, na mtendaji mkuu kwa wizara. Akija kwenye baraza, anakuja kama mgeni mwalikwa. Mgeni humkaripii.

Nchi hii ilikwisha kujaribu njia hiyo. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilisema madaraka yanakwenda mikoani. Kilichokwenda mikoani kilikuwa watumishi wa serikali kuu, na madaraka ya wananchi yakatoweka. Miji ikachoka, mitaro ikaziba, barabara zikawa mashimo. Ikabidi serikali za miji zirudishwe mwaka 1978, ikatungwa sheria ya mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza upya mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe baadaye alikiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa kosa. Ibara ya 146 ya Katiba ikaandika kwamba lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sasa wewe msomaji pima mwenyewe, mtiririko ule wa 2016, 2017 na 2019 unakwenda upande gani?

Na fedha za kuendesha haya yote unatoa wewe. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo imefungwa kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Mtaa wenye mita 400 za namna hiyo unatoa shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 7 na laki 2, kutoka mtaa mmoja tu. Na mpangaji mwenye chumba kimoja anaikatwa kabla hajawasha taa, wakati nyumba si yake. Kwenye mafuta ni hivyo hivyo. Julai 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwa kila lita na tukaambiwa ni za barabara za TARURA. Kijana wa bodaboda anayetumia lita mbili kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anachangia shilingi 60,000 kwa nyongeza ile peke yake. Bado hajahesabu tozo nyingine zilizomo ndani ya lita hiyo hiyo.

Kwa hiyo mbunge akija, usimwambie "tunaomba barabara". Ombi ni la mtu asiyelipa. Mwambie hivi: mheshimiwa, kwenye mpango wa TARURA wa wilaya yetu mwaka huu barabara yetu imo au haimo? Kama imo, imetengewa shilingi ngapi, mkandarasi ni nani, anamaliza lini? Kama haimo, wewe ulisimama lini bungeni kuisemea? Maneno ya Bunge huandikwa yote. Yapo kwenye kumbukumbu rasmi, hata miaka kumi baadaye. Aliyesema ataonekana, na aliyekaa kimya ataonekana.

MIA TANO KWA MTOTO

Sasa twendeni shuleni, maana hapo ndipo kila nyumba inaumia.

Kuanzia Januari 2016 serikali ilitangaza elimumsingi bila malipo, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, kwa waraka wa elimu namba 5 wa mwaka 2015. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikafutwa. Ni jambo jema. Watoto wengi waliokuwa wanabaki nyumbani kwa kukosa ada waliingia darasani. Mpinzani anayekataa jema kwa kuwa limefanywa na serikali ni mpinzani wa bure.

Lakini tusome daftari. Ruzuku ya uendeshaji kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kiliwekwa na mpango wa elimu ya msingi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati shilingi 10,000 zilikuwa sawa na dola 10 hivi. Leo hazifiki hata dola 5. Bei ya chaki imepanda, bei ya karatasi imepanda, bei ya bati imepanda. Mtoto peke yake ndiye amebaki na bei ya zamani.

Na hizo 10,000 haziendi zote shuleni. Utaratibu umekuwa shilingi 4,000 kubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 kwenda shuleni. Chukua shule yenye watoto 800. Mara 6,000, unapata milioni 4 na laki 8 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12, unapata laki 4 kwa mwezi. Gawa laki 4 kwa watoto 800. Unapata shilingi 500. Shilingi mia tano kwa mtoto kwa mwezi! Hapo ndani mwalimu mkuu atoe chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa madawati, michezo, usafi wa vyoo na nauli ya kupeleka taarifa wilayani. Tena hapo tumechukulia kwamba fedha zimefika zote na kwa wakati.

Sasa mnaelewa kwa nini mtoto anarudi na kikaratasi cha mchango wa mlinzi, wa uji, wa masomo ya ziada. Sisi tunamgeuzia kibao mwalimu mkuu. Tunamwita mla rushwa. Wapo wala rushwa, sikatai, na wakamatwe. Lakini mwalimu mkuu wa mia tano hakujipangia yeye kiwango hicho. Kiwango kilipitishwa kwenye bajeti, na bajeti ilipigiwa kura ya ndiyo na mtu mliyemtuma nyinyi. Kila mwaka, ifikapo Juni, wabunge huitwa jina mmoja mmoja kuipigia kura bajeti ya serikali. Muulizeni mbunge wenu alijibu nini jina lake lilipoitwa, na kama kabla ya hapo alifungua kinywa kusema habari ya hizo elfu kumi.

FUNGU LA KUMI NA MFUKO WA JIMBO

Kuna fedha mbili ambazo wakubwa hupenda zizungumzwe kwa sauti ya chini.

Ya kwanza ni mikopo ya asilimia 10. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa ikazilazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, yakiondolewa yale yaliyofungwa kwa kazi maalumu, kwa ajili ya kukopesha vikundi bila riba. Asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri yenye mapato ya namna hiyo ya shilingi bilioni 3 inatakiwa itenge milioni 300. Hapo wanawake wapate milioni 120, vijana milioni 120, wenye ulemavu milioni 60. Hizi si fedha za kuchezea.

Zilichezewa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG, ameandika mwaka baada ya mwaka juu ya vikundi visivyorejesha na vikundi hewa. Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo yote ili itafutwe njia nyingine, na ikarejeshwa mwaka 2024. Angalia nani aliyeumia. Kikundi hewa hakina mtu wa kuumia. Aliyeumia ni mama wa genge aliyekuwa amejiandikisha na wenzake, amefungua akaunti, ametafuta katiba ya kikundi, amezungushwa ofisi tatu, halafu akaambiwa dirisha limefungwa. Mwizi akila, mlango anafungiwa mwenye njaa.

Diwani wako anazo njia za kuijua orodha ya vikundi vilivyokopeshwa ndani ya kata yake. Kamati inaletewa taarifa. Kwa hiyo mwambie aisome hadharani. Jina la kikundi, kiasi, tarehe, kilichorejeshwa. Kijiji hakifichi mtu. Jina la kikundi hewa likisomwa mbele ya watu mia mbili, atasimama mzee mmoja aseme, hawa mimi siwajui. Ukaguzi huo hauhitaji posho wala gari.

Ya pili ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kila jimbo linapata fungu, kwa kuangalia idadi ya watu, hali ya umaskini na ukubwa wa eneo. Mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Hapo pana kasoro ambayo asasi za kiraia ziliipigia kelele tangu muswada ulipokuwa bado unajadiliwa. Mbunge ni msimamizi wa matumizi ya serikali. Ukimkabidhi fungu alipangie yeye, nani atamsimamia msimamizi? Refa hapewi mpira apige penalti.

Maadamu sheria ipo, tudai iheshimike. Mfuko wa Jimbo ni fedha ya umma. Si fedha ya mbunge, si mshahara wake, si ukarimu wake. Saruji iliyonunuliwa kwa mfuko huo haipaswi kukabidhiwa kwa maneno "mbunge wenu amewakumbuka". Mwambieni asome: mwaka huu mfuko ulipokea shilingi ngapi, kamati ilikaa lini, miradi ipi iliombwa, ipi ilikubaliwa, ipi ilikataliwa na kwa nini.

HATI SAFI SI USAFI

Kuna kiini macho kingine lazima nikitoboe. Mwakilishi atawaambia, "Ndugu wananchi, halmashauri yetu imepata hati safi." Makofi! Nyote mnadhani maana yake hakuna aliyeiba.

Sivyo. Hati safi maana yake mkaguzi ameridhika kwamba vitabu vya hesabu vimeandikwa kwa kufuata kanuni, na kwamba picha inayotolewa na vitabu hivyo inalingana na mambo yalivyo kwa kiasi cha kuridhisha. Darasa likijengwa kwa bei mara mbili ya haki yake, na risiti zote zikawekwa kwenye faili vizuri, hati inaweza kuwa safi na mfuko wako ukawa umetoboka. Ndiyo maana CAG haandiki hati peke yake. Huandika pia kurasa nyingi za hoja. Fedha zilizolipwa bila nyaraka, miradi iliyokamilika haitumiki, makusanyo yasiyopelekwa benki. Huko kwenye hoja ndiko kwenye nyama.

Kwa Ibara ya 143 ya Katiba, CAG hukabidhi ripoti kwa Rais, naye huagiza ipelekwe bungeni. Ripoti ya mwaka hukabidhiwa kufikia mwisho wa Machi na kuwekwa mezani Aprili. Ikishafika mezani si siri tena. Mwanafunzi yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuifungua akatafuta jina la halmashauri yenu.

Na mjue kazi hii ina gharama yake. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, kwa sababu alisema Bunge lina udhaifu katika kufuatilia ripoti zake. Novemba mwaka huo akaondoka ofisini. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikwenda kinyume cha Katiba. Alikwisha kwenda nyumbani miaka mitatu. Ikiwa msomi mkubwa mwenye kinga ya Katiba aliadhibiwa kwa neno moja, msishangae mtendaji wa kata akikunja uso mtakapomwuliza swali. Ulizeni hivyo hivyo, kwa adabu, na kwa maandishi.

FANYENI HIVI

Maneno yamekuwa mengi. Nitayamaliza kwa mambo manne ya kufanya, na hakuna hata moja linalohitaji kadi ya chama.

La kwanza, mkutano mkuu wa kijiji. Kwa Sheria namba 7 ya mwaka 1982, kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi yasomwe. Mjini nako kuna mkutano wa mtaa. Mwenyekiti asipouitisha, andikeni barua kwa mtendaji, watu kumi waweke sahihi, nakala kwa mkurugenzi, nakala moja mbaki nayo ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri mtaambiwa haikufika.

La pili, nendeni kwenye baraza la madiwani. Mikutano ile ni ya wazi, wananchi na waandishi wanaruhusiwa kukaa wasikilize. Mimi nimekaa kwenye vikao ambavyo viti vya wananchi vilikuwa vitupu kutoka asubuhi hadi jioni, na nimekaa kwenye vikao ambavyo mama kumi na watano wa soko walikuja wakakaa kimya tu na vitenge vyao. Nawaambia, hotuba za siku ile ya mama wa soko zilikuwa fupi na majibu ya wataalamu yalikuwa na tarakimu. Hawakusema neno. Macho yao yalitosha.

La tatu, jueni kalenda. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mipango ya vijiji na kata huanza kukusanywa miezi ya mwisho wa mwaka, halmashauri hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, Bunge hukaa nayo kuanzia Aprili hadi Juni. Mwenye shida ya darasa akasubiri kulia mwezi wa Juni, amekwenda sokoni jioni, samaki wamekwisha. Dai liingie Oktoba au Novemba, liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na muhtasari usomwe tena kabla haujapelekwa kata.

La nne, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Sheria hii inampa raia haki ya kuandika kwa ofisi ya umma kuomba taarifa, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Ina mapungufu yake, zimo sababu kadhaa za kumnyima mtu taarifa. Hata hivyo gharama ya darasa la kijiji chenu si siri ya jeshi. Andikeni, "Tunaomba mchanganuo wa gharama za darasa letu." Mstari mmoja unatosha.

Ndugu zangu, kuna siku mtaletewa mwakilishi wa upinzani. Inaweza kuwa karibu, inaweza kuwa mbali. Nawaomba siku hiyo msimpunguzie. Asije akasema "mimi ni mwenzenu" mkamwacha apite bila hesabu. Akija na khanga, pokeeni khanga kama mnaitaka, ni kitambaa tu, halafu mwambieni akae kwenye kiti afungue daftari. Mapato, matumizi, baki. Aliyonena bungeni, na yale aliyonyamazia. Akishindwa kusoma, mjue mapema, kabla miaka mitano haijaisha.

Kwa maana mwakilishi asiyeulizwa, awe wa chama gani, huzoea. Na akizoea, huanza kuamini kweli kwamba maji ameyaleta yeye.

Ukimaliza gazeti hili, mpe jirani.